Je, mzee ana haki ya kuwakimbia wajukuu?

MWEZI uliopita, baada ya darsa ya Alasiri, mmoja wa wazee wa msikiti wetu alinisubiri mlangoni mpaka watu wakapungua. Alikuwa na swali, na alianza kwa kunieleza kuwa swali si lake bali ni la mdogo wake. Mdogo wake huyo ameishi Marekani zaidi ya miaka thelathini. Amefanya kazi huko, amelea watoto huko, na sasa amestaafu. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki. Anataka kuuza nyumba yake kubwa anunue nyumba ndogo katika makazi ya wastaafu, miongoni mwa yale makazi ambayo sharti la kuingia ni kufikisha umri wa miaka 55, na mtoto haruhusiwi kuishi humo. Wanawe wamekataa. Wamempigia simu ami yao huku Dar es Salaam wakimwomba amkanye baba yao, kwa hoja kwamba jambo hilo ni haramu: vipi Muislamu akajitupe kwenye nyumba za wazee kama wafanyavyo makafiri, ilhali Allah (SW) amemruzuku watoto?

"Ustadhi," akaniambia, "mimi nimekubaliana nao. Nataka tu uniandikie aya na hadithi nimtumie."

Nilimwahidi. Lakini kabla hatujaagana nilimwuliza: huyo mdogo wako kwa sasa anaishi na nani? Akasema anaishi peke yake, watoto kila mmoja ana kwake. Nani anamhudumia? "Anajihudumia mwenyewe, bado ana nguvu zake. Tena yeye ndiye anayewachukua wajukuu shuleni kila siku, anakaa nao mpaka wazazi wao watoke kazini."

Jibu hilo lilinifanya nichelewe kuandika aya. Nilitaka kwanza nijue ni kitu gani hasa ninachotakiwa kukiharamisha, na ni nani anayefaidika na uharamu wake.

Tuanze na kuondoa kosa moja ambalo hata mimi nililifanya nilipomsikia mzee. Sisi tukisikia "makazi ya wazee" akili inakwenda moja kwa moja kwenye makazi kama ya Nunge kule Kigamboni, ambako serikali inawatunza wazee wasiojiweza na wasio na jamaa. Au tunafikiria zile nyumba za Ulaya ambazo tumezihubiri sana mimbarini, ambamo mzee analishwa kwa kijiko na muuguzi huku mwanawe akimtumia kadi mara moja kwa mwaka. Hayo yapo. Lakini anachokitaka mzee huyu ni kitu kingine kabisa. Wenyewe wanayaita makazi ya watu wazima wachangamfu. Hakuna muuguzi. Hakuna anayelishwa. Kuna bwawa la kuogelea, viwanja vya gofu, ukumbi wa kufumia na kuchonga mbao, na watu wenye mvi wanaozunguka kwa vigari vidogo vya umeme kwenda kununua mkate.

Historia yake si ndefu. Marekani nayo ilikuwa na wakati ambapo mzee asiye na mali alimalizia umri wake ama kwenye chumba cha nyuma cha mwanawe ama kwenye nyumba ya maskini ya wilaya. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, pamoja na pensheni za viwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ziliwapa mamilioni ya watu kitu ambacho wazazi wao hawakuwa nacho: miaka ya afya baada ya kazi, na fedha kidogo ya kuitumia. Mwaka 1954 katika jangwa la jimbo la Arizona ukaanzishwa mji wa Youngtown kwa ajili ya wastaafu. Tarehe 1 Januari, 1960, jirani na hapo, mkandarasi aitwaye Del Webb akafungua mji wa Sun City, na inaelezwa kuwa watu wapatao laki moja walifika kuangalia nyumba za mfano katika siku tatu za mwanzo. Mwaka 1962 jarida la Time likamweka Webb kwenye jalada lake. Leo kule Florida kuna The Villages, ambayo eneo lake, kwa mujibu wa sensa ya Marekani ya mwaka 2020, lilikua kwa kasi kuliko eneo lolote la miji nchini humo katika miaka kumi, kutoka watu wapatao 93,000 hadi 130,000 hivi. Kwa hiyo tusijidanganye kuwa hawa ni watu waliotupwa. Watu wanaotupwa hawapangi foleni.

Nyumba anayoitaka mzee wetu ni ya safu. Nyumba nne, sita au nane zimejengwa zimeshikana ukuta kwa ukuta, kila moja ina mlango wake wa mbele, kibustani chake na mahali pa kuegesha gari. Nyingi huwekewa chumba kikuu cha kulala chini ili mwenye nyumba asihangaike na ngazi. Paa, rangi ya nje na majani si kazi yake. Anakilipa ada ya kila mwezi chama cha wenye nyumba, nacho kinatafuta mafundi. (Mtu aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, vyumba sita na ukumbi katikati, anaweza kutabasamu akisikia kuwa Wamarekani wamegundua raha ya kumsikia jirani akikohoa.) Kwa mjane mwenye nyumba kubwa ya vyumba vinne ambavyo havilali mtu, mwenye magoti yanayouma, na ambaye kila vuli hukusanya majani peke yake, ni wazo la busara. Na jirani ana haki zake katika Uislamu. Jibril (AS) alimuusia Mtume (SAW) kuhusu jirani mpaka Mtume akadhani kuwa atamfanya mrithi. Mtu anayetoka kwenye nyumba ya kujifungia na kwenda kwenye ukuta wa jirani hajakimbia watu.

Hapa ndipo ningeweza kumaliza na kusema: mali ni yake, akili anazo, ni halali, na wanawe wamwache. Hakuna kifungu cha sharia ninachokijua kinachompa mtoto mamlaka ya kumzuia baba yake mwenye akili timamu asinunue nyumba. Kama kuna mkopo wa riba ndani yake, hilo ni suala jingine, na hata hapo kukatazwa kunahusu riba, siyo nyumba. Lakini lipo lile sharti la umri, nalo ndilo lililonikalisha.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1988 inayokataza mwenye nyumba kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Sheria hiyo hiyo ikaweka mlango wa pembeni kwa makazi ya wazee, na mwaka 1995 mlango huo ukapanuliwa: inatosha kwamba angalau nyumba nane katika kila kumi zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja aliyefikisha miaka 55, na makazi yawe na utaratibu unaotangazwa na kufuatwa. Baada ya hapo makazi yenyewe yanaweza kumkataza mtoto kuishi. Mjukuu si kwamba hawezi kuja. Anakuja kama mgeni, na siku zake zinahesabiwa. Katika The Villages, aliye chini ya miaka 19 ana siku 30 kwa mwaka.

Nikasoma habari ya Youngtown, ule mji wa kwanza, na sikuweza kuisahau. Katika miaka ya 1990 mume na mke waliokuwa wakiishi huko walimpokea mjukuu wao, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akikimbia mateso ya baba wa kambo. Walitaka akae nao mpaka atimize miaka 18. Mji ukasema hapana, kanuni ni kanuni. Babu na bibi wakagoma. Suala likafika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na mwaka 1998 ikaonekana kuwa kanuni ile ya umri haikuwa imewekwa sawasawa kisheria, mji ukafunguliwa kwa watu wa rika zote. Yule babu na yule bibi, sidhani kama walikuwa Waislamu, walifanya kile ambacho sisi tungekiita kuunga udugu. Lakini zingatia walichokuwa wakipambana nacho. Hawakupambana na serikali katili. Walipambana na majirani zao wazee, na kwa namna fulani walipambana na nafsi zao za miaka iliyopita, walipochagua kununua nyumba mahali pale kwa sababu hapana watoto.

Kisa cha pili kinahusu shule. Sun City ilikuwa ndani ya wilaya ya shule ya Peoria. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kila wilaya ilipoomba idhini ya wapiga kura ya kukopa fedha ili ijenge madarasa, kura za wazee ziliiangusha, mara kwa mara, mpaka ikaonekana afadhali Sun City itolewe kabisa katika wilaya hiyo. Sidhani kuwa wazee wale walikuwa na roho mbaya kuliko wazee wa kwetu. Walikuwa na pensheni isiyoongezeka na kodi iliyokuwa ikiongezeka. Ila mtu ambaye asubuhi haoni mtoto akipita na begi mgongoni ni rahisi kwake kuliona darasa kama gharama tu.

Sasa turudi kwenye Kitabu. Katika Surat Ar-Rum (30:54) Allah (SW) anatueleza tulivyo: ametuumba katika udhaifu, kisha baada ya udhaifu akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Vipindi vitatu, viwili kati ya hivyo ni vya udhaifu. Makazi haya yametengenezwa kwa ajili ya kipindi cha katikati. Udhaifu wa kwanza, wa mtoto, umezuiwa getini kwa maandishi. Udhaifu wa mwisho haukuandikwa popote, lakini nao hauna mahali: siku macho yatakapomzuia kuendesha gari, au atakapoanza kusahau jiko likiwaka, hapana muuguzi pale, na itabidi ahame tena, safari hii kwenda kule alikokataa kwenda. Ni mji wa watu wenye nguvu tu. Mvi zinaruhusiwa, udhaifu hauruhusiwi.

Na tazama namna Qur'an inavyowaonesha wazee. Zakariya (AS) mifupa imedhoofika, kichwa kimewaka mvi, na kitu anachokiomba kwa siri ni mtoto (Maryam, 19:2-6). Ibrahim (AS) anamshukuru Mola wake kwa kumpa uzeeni Ismail na Is-haq (14:39). Yaaqub (AS) macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe (12:84). Mtume wetu (SAW) Hasan na Husein walipozaliwa, mwaka wa tatu na wa nne Hijria, alikuwa amekwishapita miaka 55. Sisemi hili kwa mzaha: kwa umri wake angekubaliwa katika makazi yale, na wale wajukuu wawili wangekuwa wageni wa siku za kuhesabu. Naye ndiye aliyerefusha sijda kwa sababu mjukuu alikuwa amempanda mgongoni, akaona vibaya kumharakisha. Ndiye aliyeswali huku amembeba Umama, binti wa bintiye Zaynab. Ndiye aliyekuwa akiifupisha swala akisikia mtoto analia, kwa kumhurumia mama yake. Msikiti wake haukuwa na ukimya ambao baadhi ya misikiti yetu leo inautafuta kwa bakora.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kumwandikia mzee aya zake. Nilikuwa nazo za kutosha, na hoja ilikuwa nzuri.

Usiku ule nilipita kwa mama kuwachukua wanangu. Naomba msomaji anivumilie nikiingiza habari za nyumbani, maana bila hizo ningekuwa naandika nusu ya jambo. Mama ni mjane mwenye miaka 67. Watoto wangu wawili tunawaacha kwake alfajiri, mimi na mke wangu tunapokwenda kazini, tunawachukua baada ya Magharibi, na siku foleni ikiwa mbaya ni baada ya Isha. Dada yangu naye ana wake wawili. Jumla ni wanne, na mdogo wao bado anavaa nepi. Nikamsimulia mama habari za makazi yale kama kichekesho cha Wazungu, nikitarajia aseme "astaghfirullah". Alikuwa anakunja nguo za watoto. Akaniuliza:

"Na huko mtu lazima akae moja kwa moja, au unaweza kwenda hata mwezi mmoja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaendelea kumwuliza, ndipo nikajua kuwa zile darsa za akina mama za Jumanne na Alhamisi, ambazo alikuwa hazikosi tangu marehemu baba yupo hai, ameacha kwenda tangu mtoto wangu wa pili alipoanza kuletwa. Ni zaidi ya miaka miwili. Sikuwahi kugundua. Mimi ninayewafundisha watu haki za wazazi sikuwahi kujiuliza mama anakwenda wapi Jumanne.

Hapo ikabidi niisome upya aya ambayo nimeisomesha miaka kadhaa, ile ya Surat Al-Israa (17:23-24). Allah (SW) anaamrisha wema kwa wazazi, kisha anataja hali ya mmoja wao au wote wawili kufikia uzee, na analiweka hapo neno "indaka", yaani kwako, pembeni yako, chini ya uangalizi wako. Neno hilo nimelitumia mara nyingi kuwasuta Wazungu: wazazi wao wako wapi? Hawako "indaka". Lakini mzigo katika aya ile uko juu ya mgongo wa nani? Uko juu ya mtoto. Mtoto ndiye anayeamrishwa asigune, asikemee, aseme neno la heshima, ainamishe bawa la unyenyekevu. Nyumbani kwetu mama hayuko kwangu. Mimi niko kwake, tena na wanangu juu yake. Na mwisho wa aya tunafundishwa kuwaombea rehema kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Kitendo hicho cha kulea kimetajwa kwa wakati uliopita. Kazi ile wamekwisha kuifanya. Hakuna mahali katika aya panaposema wairudie.

Kipo na kile kisa mashuhuri cha watu watatu waliofungiwa pangoni, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa na wazazi wazee na watoto wadogo. Akichelewa malishoni usiku, akarudi na maziwa, akakuta wazazi wamelala. Hakutaka kuwaamsha, wala hakutaka kuwanywesha watoto kabla yao, akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri huku watoto wakilia miguuni kwake kwa njaa. Wanafunzi wangu kila mwaka wananiuliza kuhusu hao watoto, na ni swali zuri, wanazuoni nao wamelizungumza. Safari hii mimi nilimwangalia mtu mwingine. Nyumba ile ilikuwa na wazee, ilikuwa na watoto wanaolia, lakini aliyesimama usiku kucha alikuwa ni yule mtu wa katikati, mwenye nguvu. Wazee walikuwa wamelala. Katika nyumba nyingi za mijini hapa kwetu leo, mwenye kusimama na chombo ni bibi, na anayelala ni sisi. Tunaita maadili ya familia ya Kiislamu, na mwisho wa mwezi tunaokoa mshahara wa dada wa kazi.

Simaanishi kuwa bibi akae mbali na wajukuu. Najua mama akiwakosa wiki nzima atapiga simu. Mtu anaweza kumpenda mtoto kwa moyo wake wote na bado akachoka naye saa tisa mchana. Na ulezi anaoufanya bibi kwa ridhaa yake una ujira mkubwa kwa Allah (SW). Ila ridhaa lazima iulizwe, na mimi sikuuliza. Nililetea mtoto, nikaacha chupa ya uji, nikaondoka.

Basi kuna tofauti gani kati ya mama anayetaka mlango wake ufungwe mchana wa Jumanne, na mzee wa Arizona au Florida anayeingia makazi yasiyo na mtoto? Nimeifikiri sana tofauti hii kwa sababu mwanzoni nilitaka niwe nayo ili nimlaumu yule na nimsamehe huyu, na hiyo si njia nzuri ya kutafuta hukumu. Nionavyo, uchovu wao ni mmoja na haki yao ya kupumzika ni moja. Tofauti iko kwenye ufunguo. Mama akifunga mlango, ufunguo anabaki nao mwenyewe. Mtoto akianguka akachubuka goti, mlango utafunguka kabla hajamaliza kulia. Mwenye kununua nyumba katika makazi yale ameukabidhi ufunguo. Ameweka saini leo kwamba hata kesho mwanawe akifa kwenye ajali na mjukuu akabaki yatima, nyumba yake si mahali pa kumlea. Ikitokea hivyo ama avunje mkataba, ama auze ahame, ama ageuze uso. Sisi ni umma ambao kumlea yatima kumeahidiwa ukaribu na Mtume (SAW) Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Je, Muislamu anaweza kujifunga kwa hiari kwamba hatatekeleza wajibu ambao bado haujamfikia lakini unaweza kumfikia usiku wowote? Hili kwangu ndilo suala zito katika mambo yote haya, kuliko gofu na bwawa, na ndilo ambalo wanawe hawakulitaja.

Mimi si mufti, na mzee nilimwambia hivyo. Nilichomwandikia, kwa kifupi, ni kwamba kutafuta nyumba ndogo na utulivu si haramu, na watoto wasimbandikie baba yao neno haramu kwa jambo linalowapotezea wao mlezi wa bure. Wakitaka awe karibu nao, wamwambie aje aishi nao, na watafute mtu wa kuwalipa fedha awachukue watoto shuleni. Wakishafanya hivyo ndipo waseme wanamtaka "indaka". Kwa upande wake, nikamshauri asiweke saini kabla hajausoma mkataba mwenyewe, mstari kwa mstari: mjukuu anaruhusiwa siku ngapi? Ikitokea dharura ya yatima au mtoto aliyefukuzwa nyumbani, kuna ruhusa maalumu au hakuna? Maana sheria yao inataka nyumba nane katika kumi tu, na yale mawili yaliyobaki, makazi mengine yanayatumia na mengine yanayafunga. Kisha ajiulize siku atakapodhoofika atakuwa wapi, na nani atakayemwosha akifa, na msikiti uko umbali wa dakika ngapi kwa mtu asiyeweza tena kuendesha gari. Nyumba za safu ziko nyingi Marekani zisizo na sharti la umri. Pengine anachokihitaji ni ukuta wa jirani na paa linalotengenezwa na wengine, na vyote viwili vinapatikana bila kumfungia mtoto geti. Wallahu aalam.

Mzee aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama pale pale mlangoni, taratibu, mara mbili. Kisha akaikunja.

"Sasa Ustadhi," akasema, "hii nimtumie mdogo wangu, au niwatumie watoto wake?"

Nikamwambia awatumie wote, na nakala moja anirudishie mimi.

Jumapili iliyopita tuliitana kwa mama, mimi, dada na mdogo wetu wa mwisho. Tulizungumza wakati yeye yuko jikoni, na nadhani alisikia kila neno. Jumanne tumepata: mke wangu amebadilishana zamu kazini, atarudi saa saba. Alhamisi bado tunavutana.